Mwaka Baba Aliporudi Kutoka Jeshini

Wiki iliyopita nilimpeleka baba kliniki hapa Sumbawanga. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alimpima presha, kisha akaniuliza mzee alikuwa akifanya kazi gani. Nikamwambia alikuwa daktari kama yeye, tena daktari wa jeshi. Binti akasimama, akamwamkia upya, "Shikamoo, daktari." Baba akamwangalia tu. Siku hizi mambo mengi yanampita. Tuliporudi nyumbani Kizwite nilikaa ngazini bila hata kuvua viatu. Nimechoka, ndugu yangu, na uchovu una tabia ya kumrudisha mtu nyuma.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa amekwisha kufariki, nami niliishi kijijini kwa bibi, mwendo wa asubuhi nzima kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi hospitali ya misheni. Kama hujawahi kufika Ufipa, ni nyanda za majani, miti michache, na upepo wa mwezi wa saba unaokata masikio. Asubuhi tulichota maji yanayouma meno, halafu tukaota moto jikoni huku bibi akisonga ugali wa ulezi, mweusi, unaonukia moshi. Siku mchuuzi alipopanda kutoka Kirando na dagaa, kijiji kizima kilinuka ziwa.

Baba alishuka kwenye lori na begi moja na koti la jeshi. Vita ilikuwa imekwisha, wenzake wakabaki kazini, yeye akaomba kuacha. Watu walifurahi kupata daktari wao. Kesho yake tu wakaanza kuja, mwenye kidonda, mwenye mtoto wa kikohozi. Aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akawaambia waende misheni.

"Mimi nimeacha kutibu," alisema. "Nitalima."

Bibi peke yake ndiye aliyethubutu kumwuliza. Walikuwa wakivuna ulezi, mimi nikiokota masuke nyuma yao.

"Mwanangu, na shule yote ile?"

Baba hakuacha kukata. "Mama, nimekata miguu ya vijana wadogo kuliko mdogo wangu. Nilikuwa nawaambia watapona, na huku najua nawadanganya. Niache nikate ulezi."

Bibi hakuuliza tena. Alimjazia sahani tu, na kila aliyekuja kutaka dawa alimkuta bibi amesimama mlangoni.

Miezi ile ndiyo niliyokuwa na baba. Alinipeleka shule akiwa amenishika mkono. Jumapili moja alinisuka nywele, mistari ikapinda kama njia za mbuzi, na kesho yake mwalimu akacheka mpaka akafuta machozi. Nilikataa kufumua. Nilikaa nazo mpaka zikajifumua zenyewe.

Kisha, tukiwa tunasomba mahindi, jirani yetu alikuwa akifunga ng'ombe wake kwenye mkokoteni. Ng'ombe akashtuka, akamchoma pembe tumboni. Tulisikia yowe la mkewe. Tulipofika, jirani alikuwa amekaa chini, ameushika utumbo wake kwa mikono miwili, uso umekuwa wa majivu.

Bibi akamtazama baba. Baba akapiga magoti kando ya jirani.

"Daktari," jirani akasema, "niambie kama nakufa."

"Sijui," baba akamjibu. "Sitakudanganya. Sijui."

Jirani akaitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo lilimtosha. Hapo sauti ya baba ikageuka. Akaagiza maji yaliyochemka, yatiwe chumvi, yapoe. Akataka kanga safi. Akakataza mtu yeyote kumpa mgonjwa maji ya kunywa. Hakuurudisha utumbo ndani. Aliufunika kwa kanga iliyolowa, akamlaza mkokotenini magoti yamekunjwa, akatembea kando yake njia nzima, mkono juu ya kifua chake.

Misheni, daktari wa pale alikuwa ameshuka Wampembe kutibu watu wa ziwani. Sista alimpa baba vazi la upasuaji, na baba akalivaa. Alirudi nyumbani baada ya siku nne. Jirani alipona, akalima miaka mingi.

Baada ya hapo bibi hakuweza tena kuuziba mlango. Walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa machela. Misheni wakamwomba abaki nao, akakubali. Akawa anakuja Jumapili tu, na mara nyingi alisinzia mezani na tonge mkononi. Bibi alikuwa akilitoa tonge taratibu, asimwamshe. Nywele zangu zikarudi kusukwa na bibi, mistari ikanyooka. Nilipomwona jirani kanisani, mzima, akiimba, nilimkasirikia. Aibu ya hasira hiyo ninayo hadi leo.

Bibi hayupo. Jirani naye alikufa kwa uzee, kitandani kwake. Pale tulipovuna ulezi sasa kuna nyumba za bati, na bodaboda inakufikisha misheni kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Wanaomkumbuka baba akiwa na nguvu zake nawahesabu kwa vidole, na kila msimu wa baridi wanapungua. Mimi nimebaki na kumwogesha, kumlisha uji, kumtafutia vidonge vyake.

Jana mchana nilikuwa naosha vyombo, yeye amekaa barazani. Akaniita.

"Sista. Wagonjwa wamebaki wangapi?"

Nikatazama uani. Kulikuwa na kuku wawili na kamba ya nguo. Nilitaka kumwambia ni mimi, mwanao. Lakini nikamwona alivyokaa, mgongo wima, akisubiri jibu langu ili ajue kama anaruhusiwa kupumzika.

"Wamekwisha, daktari," nikamwambia. "Yule alikuwa wa mwisho."

Akaegemea ukuta, akafumba macho.