Uyoga wa Merrylands

Tangu mama yake azikwe kwao Walungu, yeye akiwa mbali ughaibuni, Bisimwa hakuwa akipata usingizi. Wenzake wa kazini, kwenye ghala la Wetherill Park, wakamwambia kuna chai ya uyoga inayotuliza moyo. Jumamosi, mvua ilipokatika, akachuma uyoga bustanini, akabandika maji jikoni kwa dada yake Lydie, kule Merrylands.

Lydie akashika uyoga mmoja. "Huu unaitwaje?"

"Yaya," Bisimwa akajibu, kama alivyozoea kumwita dada yake mkubwa, "uyoga ni uyoga tu."

"Mama angekubali jibu hilo?"

Bisimwa akamkumbuka mama yao akitoka porini, kitenge kimelowa umande, akiutaja kila uyoga kwa jina. Asioujua aliutupa, hata siku za njaa.

"Huo unaweza kukuua," Lydie akasema taratibu. "Ukitaka dawa ya moyo, twende kwa daktari. Nitakaa nawe."

Bisimwa akaumwaga wote kwenye pipa la taka. Maji yalikuwa yamechemka, wakatia tangawizi. Walipokuwa wakinywa, Lydie alimsimulia mazishi yalivyokuwa, kama alivyoyaona kwenye simu. Bisimwa akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba, kisha akalala kwenye kochi mpaka jua likazama.