Mbwa Niliyemwonea Haya

Nimezalisha ng'ombe tangu sijaota ndevu. Kwetu, milima ya juu ya Uvira, ndama akikwama tumboni mwa mamaye niliitwa mimi, hata wazee wenye mifugo mingi kuliko baba yangu waliniita. Nasema hivi mapema ili mtu asije kunitetea kwamba sikujua. Nilijua kitu kimoja sana, na hicho ndicho kilichoniharibia. Kuna mbwa jike mdogo, mweupe, hazidi uzito wa majogoo wawili, aliyekaribia kufa mikononi mwangu kwa sababu niliogopa macho ya watu.

Shule niliacha darasa la pili. Tulifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi na mke wangu, bila ng'ombe hata mmoja. Nililima kwa jembe la kuazima. Nikabeba maziwa ya watu kwa baiskeli kutoka Endiinzi mpaka Rwekubo, mpaka magoti yakakataa. Hakuna aliyenishika mkono. Baadaye nikapata kazi Mbarara, kutunza ua wa mama mmoja mjane. Marehemu mumewe alikuwa mwanajeshi, naye Kiswahili chake alikiokota kambi za jeshi. Alifuga mbwa wadogo wanne wa manyoya marefu, na walilala ndani ya nyumba, juu ya viti.

Siku ya kwanza aliponipa kitana na kuniambia nimchane mbwa, nilitazama kwanza barabarani kama kuna mtu wa kwetu anapita.

Lakini kazi ni kazi, na mimi sifanyi kazi nusu. Nikajifunza kuwachana kila asubuhi, maana yale manyoya yakiachwa siku tatu hushikamana kama mkeka na ngozi chini huoza. Nikajifunza kuwatazama kati ya vidole, ndiko funza hukaa. Nikajifunza kuwapa posho, yaani ugali, laini na mukene, dagaa wa huko, waliosagwa, mfupa wa kuku kamwe. Mara moja niliwaogesha kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, kipimo cha kukisia tu. Mmoja alitetemeka mpaka jioni, akitoa povu. Yule mama alikaa naye chini sakafuni, akimfuta kwa maji, na hakunifukuza. Aliniambia tu, "Sebo, hii si ng'ombe." Sebo kwao ni bwana.

Maneno hayo aliniambia mara nyingi. Mimi nilikuwa nacheka moyoni. Mwanamke wa mjini, anifundishe mimi mnyama?

Alipozeeka akaamua kuhamia kwa binti yake Kampala, na katika kugawa vitu alinipa jike mmoja, mtoto bado. Alimweka mikononi mwangu yeye mwenyewe. "Wewe ni mtu ya ng'ombe, kwa hiyo sikiliza," alisema. "Usimpe mume kabla ya joto ya tatu. Na mume asiwe mkubwa kupita yeye, hata kidogo. Akizaa, mwaka mzima anapumzika. Na kama anashindwa kuzaa, wewe usiguse. Peleka kwa daktari."

Nikasema, "Ndiyo, madamu." Mdomo ulisema.

Kambini walinicheka, bila shaka. Kwetu mbwa hulinda ndama na hulala majivuni. "Muzee amerudi na paka ya Mbarara," walisema. Jirani mmoja aliniuliza kama huyo mbwa hubatizwa. Mke wangu yeye hakucheka. Alimpokea, akamtandikia gunia karibu na jiko, na tangu siku hiyo mbwa alimfuata mpaka bombani kuchota maji. Mimi nilimchana ndani, mlango umefungwa. Mzee wa kanisa na kitana cha mbwa mkononi, hapana.

Mambo yaligeuka pale watu wa magari walipoanza kumwona. Walikuja kutoka Mbarara kununua mahindi na maharagwe, wakimwona uani wanasimama. "Akizaa nipigie simu," mmoja akasema, mbele ya wanaume niliokuwa nimeketi nao. Wale wanaume wakanyamaza. Nikaonja utamu wa kunyamaziwa. Nikasema kwa sauti, "Mukicheka mucheke leo. Mutakuja kuniomba batoto ya huyu imbwa."

Hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe.

Alikuwa katika joto lake la pili, la kutaka dume. Dume wa aina yake sikuwa naye karibu, na kusubiri sikutaka. Sasa kwetu kuna desturi ya kuomba dume. Ukiwa na mtamba mwembamba, asiye na mwili, humpi dume yeyote wa jirani. Unamswaga hata siku nzima mpaka kwa mtu mwenye dume la sifa, unachukua kibuyu cha maziwa kama heshima, unaomba. Ndama anachukua kifua cha baba. Ndivyo baba yangu alivyojenga zizi lake. Basi mimi nikamtia mbwa kwenye kapu, nikachukua maziwa, nikapanda baiskeli mpaka Endiinzi, kwa rafiki yangu mfugaji aliyekuwa na mbwa wa kulinda ndama, kichwa kama chungu. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyepeleka kibuyu cha maziwa kwa ajili ya mbwa.

Rafiki yangu alimtazama dume wake, akamtazama jike wangu kapuni. "Hii itawezekana?" akauliza.

"Mimi ndiye unaniuliza habari ya kuzalisha?"

"Basi, muzee. Weye ndiye unajua."

Mimba ya mbwa ni miezi miwili tu. Mwezi wa pili tumbo lilikuwa linagusa ardhi na alitembea akisimama, akitembea akisimama. Mke wangu alisema, "Papa, huyu amebeba kitu inamushinda." Nikamjibu kwamba ng'ombe mwenye tumbo dogo ndiye wa kulilia.

Uchungu ulimshika siku ya Mungu, alfajiri. Alikataa chakula, akafukua gunia, akaanza kusukuma. Jua likapanda. Hakuna kilichotoka. Mke wangu akaja nikiwa navaa koti.

"Hatuende kanisani. Tumupeleke Mbarara, kwa munganga wa banyama."

"Nitabeba imbwa mu taksi leo? Batu bote bako barabarani bakienda kusali."

"Na akikufa?"

"Hatakufa. Imbwa bote banazaa mu majani, nani anabapeleka kwa munganga?"

Naandika sababu yenyewe, si ile niliyomwambia. Kumpeleka kwa daktari kulikuwa ni kukiri mbele ya wale niliowatambia kwamba mzalishaji ameshindwa na kambwa. Na kubebwa kwa mbwa kama mtoto mgonjwa, na mimi mzee wa kanisa, nilikuona kama kutembea uchi. Basi nikaenda kusali. Nikaketi benchi la mbele. Nilipitisha kapu la sadaka mkono wangu ukiwa imara kabisa. Nyimbo zote niliimba. Mke wangu alibaki nyumbani.

Niliporudi jua lilikuwa limepita utosi. Mbwa alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, na chini ya mkia kulikuwa na miguu miwili midogo ya nyuma ya mtoto, imekauka. Mke wangu alikuwa amekaa naye, kitambaa chenye maji mkononi. Hakunisalimu.

Nikavua koti, nikakunja mikono. Nikapaka mafuta ya kupikia. Nilifanya kama ninavyofanya kwa ndama: ngoja mama asukume, kisha vuta kuelekea chini. Lakini hakuwa na nguvu ya kusukuma tena, nami sikungoja. Nilivuta. Mikono hii imetoa ndama wa kuwashinda wanaume watatu, nayo haina kipimo kingine. Mbwa alipiga kelele moja ambayo siwezi kuiandika. Mtoto akatoka, mfu, na kichwa chake kilikuwa kile kile cha dume wa Endiinzi. Nyuma yake ikaja damu.

Mke wangu alinisukuma kifuani. Katika ndoa yetu yote hakuwahi. "Toa mikono," alisema. "Utamuua sababu ya macho ya batu."

Akachukua kitenge chake cha kanisani, kipya, akamfunga mbwa mgongoni kama mtoto, akatoka. Barabara ilikuwa imejaa watu wanaotoka ibadani. Wakampisha wakitazama. Mimi nilimfuata. Lakini nilimfuata hatua thelathini nyuma, mikono mifukoni, kama mtu mwenye safari yake.

Rwekubo akapanda taksi ya Mbarara, akaketi kiti cha nyuma. Mimi nikakaa mbele, karibu na dereva. Kondakta akamwuliza, "Mama, mtoto nagonjwa?"

"Si mutoto. Ni imbwa. Anakufa, endesheni."

Gari zima likacheka. Mmoja akasema wakimbizi wamekosa wajukuu sasa wanabeba mbwa. Mwingine akauliza shangazi wa huyo mbwa anaitwa nani. Mke wangu alikuwa ameingiza mkono nyuma ndani ya kitenge, anasikiliza pumzi. Kisha mama mmoja wa kanisa letu, aliyekaa nyuma yangu, akaniinamia. "Muzee, huyu si mama ya nyumba yenu?"

Nikasema, "Mimi naenda Mbarara kwa shughuli zangu."

Nilisema hivyo. Mke wangu alisikia, gari lilikuwa dogo. Niliona shingo yake kwenye kioo cha dereva, ikanyooka kidogo, basi.

Daktari alikuwa msichana, Munyankore wa hapo hapo Mbarara, mfupi, tulimkuta anafunga mlango. Alimweka mbwa mezani, akafungua kitenge, akatazama, na uso wake ukabadilika. "Nani alivuta huyu?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Neno lilikuwa pale kinywani. Mke wangu alinitazama, akanipa nafasi, akahesabu moyoni nafikiri, kisha akaona sitasema.

"Hakuna," akamjibu daktari. "Alijipitisha mu mlango ya nyumba, mutoto akakwama kwa ubao, akatoka."

Daktari akaandika kwenye karatasi. Alimpasua mbwa tumbo. Alitoa watoto wawili wengine, mmoja amekufa, mmoja akapumua baada ya kusuguliwa sana kwa taulo. Akatoa na kizazi chote, kimechanika, hakishoneki. Mbwa aliishi. Daktari alisema tumrudishe baada ya siku kumi kutoa nyuzi.

Siku kumi hizo mke wangu alinipikia, aliniwekea maji ya kuoga, hakuniambia neno juu ya jambo hilo. Kila nilipoingia jikoni mbwa alijikokota mpaka nyuma ya miguu yake. Nikimwita, alikojoa. Hilo lilinipata kuliko matusi. Mnyama yeyote niliyewahi kumshika maishani alinijia nikimwita, nami nilijisifia hivyo kila mahali.

Siku ya kumi mke wangu aliweka kapu mbele yangu. "Leo utaenda weye," akasema. "Na kile nilisema kule, ulinisemesha weye. Mimi sikupenda."

Nikambeba. Sikufunika kapu. Kichwa cha mbwa kilikuwa nje, na sikuchagua njia ya nyuma. Wale wanaume niliowatambia walikuwa pale pale wameketi, na mmoja akaniuliza, "Muzee, batoto bako wapi?" Nikamjibu, "Nilibaua. Alibaki mumoja." Sikungoja kuona kama watacheka.

Daktari alimweka mezani. Nikasema kabla hajachukua mkasi, maana nilijijua, nikichelewa sitasema. "Ni mimi nilivuta. Kama ndama. Mke wangu alinifunika. Na dume nilimchagua mimi, mkubwa, niliambiwa nisifanye. Na siku ile ilianza alfajiri, nikaenda kanisani."

Akavaa glavu. "Nilijua, sebo," akasema. "Mlango haifanyi vile. Lakini sikujua ya asubuhi." Kisha nikamwuliza, sijui kwa nini nilitaka kujua, kama ningekuja asubuhi ingekuwaje. Hakunihurumia. "Ungekuja asubuhi, mimi natoa wote watatu wazima, na mama anabaki mzima."

Akavuta ile karatasi kutoka kwenye faili. Akafuta mstari kwa kalamu, akaandika mwingine juu yake. Mimi husoma polepole, na maandishi ya madaktari sisomi kabisa. Nikamwomba anisomee.

"Mwenye mbwa alivuta," akasoma. "Ni hivyo?"

"Ni hivyo."

"Haya, shika kichwa yake, nitoe nyuzi."

Nikashika. Alitetemeka chini ya mikono yangu kuanzia uzi wa kwanza mpaka wa mwisho, nami sikumwambia atulie.