Breki za Gari Jekundu

Nakumbuka asubuhi niliyomteremsha mama yangu kutoka kijijini kwetu Mbaga, mlimani, kwa gari langu la kwanza. Mwanangu, tangu uliponiambia kwamba Jumamosi unashuka Same kuangalia gari la kwendea chuoni, moyo wangu haujatulia. Keti kidogo nikueleze, kisha utakwenda.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Moshi. Nilikuwa nimefundisha miaka kadhaa kabla ya kurudi masomoni, na akiba yangu nikaitia kwenye gari kuukuu la dereva mmoja wa Hedaru. Lilikuwa jekundu, limepigwa rangi upya, viti vina vitambaa. Unajua nilikagua nini? Redio. Uvunguni sikuinama hata mara moja.

Aliyeinama ni Fundi Mrutu, mzee aliyekuwa na gereji ndogo pale Same. Nilimpelekea abadilishe oili tu. Akalizunguka, akatandika gunia, akajilaza chini yake. Alipotoka kidole chake kilikuwa kimelowa.

"Binti yangu," akaniambia, "bomba la breki la nyuma linavuja. Niachie siku mbili. Kwenye lami ya tambarare labda utafika, lakini mlimani usipande nalo."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliimbishwa hivyo tangu utotoni. Lakini kesho yake mama alikuwa na miadi ya macho hospitalini, nami nilikuwa nimetangaza kanisani kwamba nitamchukua mwenyewe. Nikuambie ukweli: magari ya abiria yalikuwepo. Nilitaka majirani waone. Basi nikamwomba fundi aongeze mafuta ya breki tu, nikamdanganya kwamba narudi Moshi.

Kupanda hakukunipa shida. Mama alitoka amevaa kitenge chake cha Jumapili, na kikapu cha tangawizi ya kumpelekea daktari. Majirani wakatupungia. Tulipofika kona ya tatu ya mteremko, pedali ya breki ikawa laini kama ndizi iliyoiva. Nikaipigapiga, ikarudi kidogo. Pale ndipo nilipopaswa kusimama, mwanangu. Lakini tulikuwa bado tunaonekana kutoka kijijini, nikaona aibu. Nikaendelea, huku nikimjibu mama habari za masomo.

Kona mbili mbele, pedali ikazama mpaka chini na haikurudi. Nikarudisha gia ndogo, gari likanguruma lakini halikutulia. Nikavuta breki ya mkono, nayo ilikuwa imelegea siku nyingi. Kulia kwetu kulikuwa na bonde, vilele vya migomba vikionekana mbali chini. Kushoto, ukuta wa mlima.

Mama akaniuliza taratibu, "Gari limekataa?"

"Limekataa, Mama."

"Basi elekea ukutani. Huko kwingine hakuna ardhi."

Nikakata usukani kushoto. Gari likakwaruza mlima, likaburuzika, likatumbukia mtaroni na kusimama. Mimi sikupata hata mchubuko. Mama alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto, umevunjika kwenye kiwiko, na hakulia. Nilipomtoa ndipo nilipotambua: ukuta alionielekeza ulikuwa upande aliokaa yeye.

Mkono uliunga, ila haukunyooka tena. Kila alipofunga kilemba nilimsaidia, na hakuwahi kunilaumu. Aliyenikemea ni Fundi Mrutu, alipopanda kuja kulivuta gari. Alisimama kando ya mtaro, akalitazama, akasema neno moja tu: "Uvujaji niliuona. Uongo wako ndio sikuuona."

Nililitengeneza gari lile, nikalitumia mpaka nikamaliza chuo na miaka mingine baadaye. Kwa hiyo sikukatazi kununua gari kuukuu. Mzee akitunzwa hutembea. Ila nenda na fundi wako, asiwe rafiki wa muuzaji. Nenda injini ikiwa bado baridi, kwa maana iliyokwisha kuwashwa huficha ugonjwa wake. Chungulia uvunguni, tazama tairi, linganisha namba za kadi na za gari lenyewe. Rangi iangalie mwisho. Wala usimalize fedha yote kwenye kununua, kuukuu huanza kuomba spea wiki ya kwanza. Likishakuwa lako, angalia oili, maji na mafuta ya breki kila wiki, na rejeta usiifungue ikiwa ya moto. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta mwingine, mwanangu, unajengwa kwa mifupa ya mtu.

Zaidi ya yote, mwambie fundi wako unakokwenda kweli. Na siku pedali ikilainika, simama hapo hapo, hata kama kijiji kizima kinakutazama na kucheka. Aibu hupoa kabla ya chai.

Haya, nenda. Mungu akutangulie kwenye kila mteremko, akupe jicho la kuona kilicho chini ya rangi na unyenyekevu wa kusimama mapema. Kila utakayempakia umshushe mzima, na mimi simu yako inikute nimetulia.