Pakiti ya Kijani

Pei-shan, muuza chai wa Taipei, alibana matumizi kila mahali kupata kompyuta ya kuchezea gemu: kadi ya picha ya mtumba, kasha lenye mikwaruzo, feni moja tu. Sasa Mama Liao, mwenye duka la kompyuta, alikuwa anaunganisha waya wa mwisho, na Pei-shan roho juu.

"Ikiungua je, mama?"

"Hujaiwasha, ushaanza matanga?" Mama Liao akacheka. "Weka pakiti yako."

Pei-shan akaweka juu ya kasha pakiti ya kijani ya vitafunwa, ile ambayo huko Taiwan kila mashine huwekewa kama hirizi ili isilete ukorofi. Mama Liao akasoma tarehe. Kicheko kikamkauka.

"Muda wake umeisha! Hii hailindi kitu tena!"

"Ilikuwa nusu bei."

"Basi washa mwenyewe," akasema Mama Liao, akasogea hadi mlangoni.