Chupa Iliyoandikwa Konoplya

Fenya Zaitsoff alikuwa mwanamke wa kufunga vitu vizuri: mitungi ya matango, mifuko ya mbegu, na mdomo wake. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye vitalu vya miche ya misonobari, na vidole vyake vilizoea kazi ndogondogo za kutaka subira. Hakuna aliyemdhania kwamba, uzeeni, atakuja kupika bangi jikoni kwake, tena na aproni kiunoni na kitambaa cha maua kichwani, kama anavyotakiwa kuvaa mama anayejiheshimu wa Kidukhobori, dhehebu letu la Wakristo wasioshika silaha, lililohamia Kanada kutoka Urusi.

Serikali ya Kanada ilikuwa imekwisha kuruhusu. Kila nyumba ilikuwa na haki ya kupanda miche michache, na ya Fenya ilisimama nyuma ya nyanya, imenenepa, haina habari na mtu. Lakini ruhusa ya serikali ni kitu kimoja, na macho ya watu wa nyumba ya sala ni kitu kingine kabisa. Watu wetu hawali nyama, hawanywi pombe, hawavuti tumbaku, na wakikosa dhambi zao wenyewe za kuzungumza huzungumza za jirani. Fenya aliwajua, maana naye alikuwa mmoja wao, na za jirani zilimnogea pia.

Alifanya hivyo kwa ajili ya Vasya. Mumewe alikuwa ameendesha malori ya magogo mpaka nyonga ikamkatalia, na daktari alipoipiga picha akakuta saratani ndani ya mfupa. Vidonge vya hospitali vilimtapisha hata maji. Moshi hakutaka kuusikia. Basi yakabaki mafuta: Fenya aliyakausha maua kwenye oveni, akayaloweka katika mafuta ya alizeti juu ya moto wa chini kabisa, akayachuja kwa kitambaa kilekile cha kuchujia jibini. Yalitoka ya kijani kibichi, yananuka kama nyasi zilizokatwa jana. Kijiko kidogo juu ya kipande cha mkate, pamoja na chai ya jioni, na taya za Vasya zililegea, akapata usingizi.

Sharti lake lilikuwa moja tu. "Mama asijue," alimwambia. "Mwambie ni mgongo. Amekwisha kuzika watoto wawili. Asianze kunizika na mimi wakati bado nakula."

Mama huyo ni Bibi Malasha, aliyekuwa akiishi nao humo ndani, chumba cha karibu na jikoni. Alikuwa na miaka tisini na moja, masikio ya paka, na pua isiyodanganyika. Fenya alipika siku za mazoezi ya kwaya, wakati bibi hayupo, akafungua madirisha yote hata theluji ikiwa nje. Hata hivyo siku moja bibi aliingia, akasimama katikati ya jiko na koti lake, akanusa.

"Nini hicho?"

"Konoplya, mama. Nachua nayo mikono, inanisumbua."

Alijiona mjanja. Konoplya kwa Kirusi ni mmea wa bangi pamoja na ukoo wake wote: ule wa kusokota kamba, ule wa kukamua mbegu, na ule wa kulewesha. Neno ni moja. Fenya hakuwa amesema uongo, ila ule wa mikono. Bibi alivua koti taratibu, akakaa, akaanza kueleza jinsi mama yake alivyokamua mafuta ya mbegu za konoplya kule kijijini, enzi za kuishi kwa ushirika, na jinsi walivyoyamimina juu ya viazi na kabichi chachu majira ya baridi. Tangu mama yake afe hajayaonja. Fenya alisema ndiyo mama, ndiyo mama, huku akiwaza alikoficha kitambaa cha kuchujia.

Kosa lenyewe lilikuwa kibandiko. Muuguzi aliyekuja kumwogesha Vasya alikuwa binti wa mjini, wa Kiingereza kitupu, mwenye tabia ya kufungua makabati ya watu akitafuta sukari. Ili asiambulie kitu, Fenya alibandika karatasi juu ya chupa na kuandika konoplya kwa herufi za Kirusi. Alijipongeza. Kumbe katika nyumba ile alikuwamo mtu mmoja asiyejua kusoma Kiingereza, ila Kirusi alikisoma bila miwani.

Jumamosi ya arobaini ya marehemu Tanya Voykin, Fenya alitangulia kwenda dukani kuchukua dawa. Aliporudi, Vasya alikuwa amelala, na bibi ameshaondoka na jirani yao Polya kwa gari. Kwenye meza ya jikoni palikuwa na maganda ya viazi, majani ya bizari yaliyokatwakatwa, na chupa. Chupa ilikuwa tupu. Fenya aliigeuza juu chini, likatoka tone moja la kijani, likamwangukia kiganjani. Alisimama akiliangalia tone lile kama mtu aliyeonyeshwa damu yake mwenyewe.

Mafuta ya mwezi mzima ya mgonjwa. Yako ndani ya kabichi chachu, na kabichi iko njiani kwenda kwenye matumbo ya wazee. Alimfikiria mjomba Nikita Perepolkin, ambaye moyo wake ulikuwa ukisukumwa na kifaa walichomtia kifuani. Alimfikiria Polya, aliyekuwa na zamu ya kuwarudisha kwa gari wazee ambao hawaendeshi tena. Alipiga simu ya Polya, ikaita mpaka ikachoka. Simu haziingii kwenye nyumba ya sala. Huachwa garini pamoja na fimbo na miavuli.

Nyumba ya sala ilikuwa Glade, ng'ambo ya mto Kootenay, na Glade haina daraja. Kuna pantoni inayovutwa kwa kamba ya chuma, ya magari machache, na Fenya alipofika ilikuwa upande wa pili, imetulia. Alipiga honi. Akapiga tena, akakandamiza asitoe mkono. Pantoni ikajikokota kuja kama ng'ombe anayeitwa kukamuliwa.

"Taratibu, shangazi," alisema Petya Stoochnoff, mwendesha pantoni. "Hii si meli ya vita. Na wewe ni wa watu wasiopigana."

"Petya, twende."

"Nisubiri gari jingine kidogo."

"Twende, nasema!"

Petya alimtazama, akafunga mnyororo, akawasha injini. Katikati ya mto alikuja akaegemea dirisha la gari. "Bibi Malasha kapita hapa kapakata sufuria kama kajifungua. Kaniambia leo wazee watakula chakula cha utoto wao. Nimemwomba anibakizie."

"Akikuletea, usile."

"Kimeoza?"

"Hakijaoza. Usile tu."

"Shangazi, unanitisha."

"Bora uogope," alisema Fenya. Mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa.

Aliwasikia kabla hajafungua mlango. Walikuwa kwenye zaburi, zile zetu zinazovutwa silabi moja mpaka mtu anasahau neno lilianza vipi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Fenya alishukuru kwamba ni ndefu. Alichungulia. Wanawake wamesimama upande wao, wanaume upande wao, wanatazamana, na katikati meza yenye mkate, chumvi na maji. Bibi Malasha alikuwa mstari wa mbele, amefumba macho, anaimba. Hapo huwezi kukatiza. Hata nyumba ikishika moto, watu wetu wangemaliza beti kwanza.

Akazunguka kwenye ukumbi wa chakula. Meza zimeandaliwa, mikate imekatwa, na juu ya kila meza bakuli la kabichi na viazi, linang'aa kijani. Alichukua la kwanza, akachukua la pili, akawa anatafuta pa kuyaficha.

"Unayapeleka wapi?"

Alikuwa Lukerya, mkuu wa jiko, mwanamke mpana mwenye mwiko mkononi.

"Imeharibika, Lukerya. Tuitoe."

"Haijaharibika, nimeonja uma mzima sasa hivi. Ina uchungu kidogo, ila nzuri." Lukerya alimkaribia, akapunguza sauti. "Huyo bibi amelia hapa jikoni akiimwagia mafuta. Amelia, Fenya. Unamwonea wivu mama mkwe wako mpaka kwenye msiba?"

"Sina wivu. Nisikilize..."

"Sikusikilizi. Rudisha mabakuli."

Lukerya akayachukua mwenyewe, akayarudisha, akakaa mlangoni kama askari. Ng'ambo ya ukuta zaburi ilishuka, ikafifia, ikakatika. Fenya alisikia viatu.

Wakaingia. Bibi Malasha aliongoza, ameshikwa mkono na mjomba Nikita, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Fenya hakuwa ameiona tangu aolewe. "Mnaiona?" bibi aliwaambia wenziwe. "Fenya ameyatengeneza mafuta ya konoplya. Alinificha, alitaka kunishtukiza. Kaeni, kaeni." Wazee walikuwa wakicheka, wakisukumana wapate meza ya karibu. Mjomba Nikita alikuwa na uma mkononi kabla ya sala.

Wakasimama kuimba Baba Yetu. Fenya naye alisimama, midomo inacheza bila sauti. Alikuwa amemwahidi Vasya. Vilevile alimwona Nikita. Akiyataja mafuta atatakiwa kusema ya nani, na akisema ya nani, yule mama aliyesimama pale anaimba atajua kwamba mwanawe wa mwisho anakufa, tena atajulia ukumbini, mbele ya watu waliokuja kula. Aliichukia chupa, akalichukia neno konoplya, akajichukia mwenyewe. Sala yetu ya chakula ni fupi. Ikaisha.

"Jamaa zangu," alisema Fenya, "msile kabichi ya mama."

Uma wa Nikita ukasimama hewani.

"Mafuta yale si ya mbegu. Ni ya maua, yanalevya. Ni bangi. Nimepika mimi. Mama hana kosa, aliona nimeandika konoplya."

Lukerya alitazama mwiko wake, kisha akakaa chini polepole kwenye kiti cha karibu. Mwisho wa meza mtu akasema, "Basi Fenya siku hizi ana biashara," na mwingine akaguna. Uso wa Fenya ulimwaka mpaka masikioni. Hakuthubutu kumtazama bibi.

Bibi Malasha ndiye aliyemtazama. Alimtazama kwa muda, kichwa ameinamisha upande, kama anavyofanya akisikiliza mwimbaji aliyekosea sauti.

"Ni ya mikono yako," alisema. "Uliniambia. Ya kuchua mikono."

"Ndiyo, mama. Ya mikono."

"Imezidi kuuma?"

"Imezidi."

"Basi mmesikia," bibi aliwaambia watu. "Mtu na ugonjwa wake. Nikita, weka uma chini, utachoma mtu jicho. Leteni borshi."

Kabichi ilimwagwa kwenye shimo la majivu nyuma ya jiko, bakuli kwa bakuli, na bibi alisimama hapo mpaka la mwisho. Watu walikula borshi, ile supu yetu ya mboga, na tambi, wakanong'ona kiasi chao. Ilipofika chai, Lukerya alianza kucheka chujio, akacheka hata machozi yakamtoka, ikabidi Polya amsindikize nyumbani akiwa amemshika kiunoni.

Kwenye pantoni wakati wa kurudi bibi alikuwa amepakata sufuria tupu. Petya aliwatazama kwa mbali, akaona heri asisogee. Maji yalipita chini yao, ya kijivu, baridi.

"Mama, wewe ulionja?" Fenya aliuliza.

"Nchani mwa kijiko. Ladha haikuwa ile." Bibi alipangusa ukingo wa sufuria kwa kidole. "Nikasema labda ulimi wangu umezeeka. Nikamimina yote."

"Nisamehe."

"Mikono yako haijawahi kuuma, Fenya. Jana ulifungua mitungi ambayo mimi na Polya tulishindwa."

Injini ya pantoni iliguruma, kamba ikalia juu ya magurudumu yake.

"Si mgongo," alisema bibi.

"Si mgongo, mama."

"Ni ule ugonjwa?"

"Uko kwenye mfupa."

Bibi Malasha alifunika sufuria na kifuniko chake, akakibonyeza pande zote kana kwamba ndani mna kitu cha kumwagika. Fenya alitaka kumshika mkono, akaona hajapewa ruhusa.

"Yeye ndiye aliyesema nisijue."

"Ndiye."

"Basi na yeye asijue kwamba najua," alisema bibi. "Usimwambie. Unasikia?"

Nyumbani walimkuta Vasya ameamka, ameegemea mito, amepauka kama ukuta. Bibi alienda akakaa ukingoni mwa kitanda na kumvutia blanketi hadi kifuani.

"Mmekula nini huko?" Vasya aliuliza.

"Borshi. Ilipungua chumvi. Mgongo vipi?"

"Unapona, mama," alisema Vasya.

"Naona," alisema Bibi Malasha. "Naona unapona."

Fenya akaenda jikoni, akafungua madirisha yote, akawasha moto, akaupunguza mpaka ukawa wa chini kabisa.