Nilivyogeuka Baba Mdogo wa Bibi Harusi Nisiyemjua, Lubumbashi

Habari hii mke wangu anaijua nusu, ile nusu ya kwamba nilikwenda Lubumbashi nikala vizuri nikarudi salama. Nusu iliyobaki nawapa ninyi kwa sababu mmenikaba koo tangu jana, lakini nawaambia mapema kwamba ni aibu, tena aibu ya mtu mzima mwenye ndevu na watoto, maana chanzo chake ni wivu, wala si wivu wa mwanamke (huo mngenielewa, hata pole mngenipa), ni wivu wa rafiki.

Sudi wengi mnamjua. Kwa asiyemjua, tumekua pamoja hapa Tunduma, tumeiba mapera pamoja, tumechapwa pamoja, kisha yeye akawa utingo wa malori yanayofuata shaba Kongo, siku moja lori likafia kule, akaambiwa alilinde mpaka spea ije, na nadhani spea haijaja mpaka leo maana hajarudi. Kafungua duka la vipuri, kaoa, kanenepa. Mimi nimebaki na friji zangu za kutengeneza, na miaka yote hiyo mtu akiniuliza rafiki yako ni nani, nasema Sudi, bila kufikiri.

Basi mwaka huu nikafunga safari, basi la kupitia Zambia, usingizi wa kukaa, Kasumbalesa mpakani jua la kutoboa utosi, nami nimekumbatia mfuko wa mchele wa Kyela kama mtoto mchanga kwa sababu najua Sudi anaupenda. Nafika stendi, Sudi huyo, nakimbilia kumkumbatia, na kabla sijamfikia mfuko unachukuliwa mikononi mwangu na mtu mfupi anayecheka na mwili mzima.

"Aah, njo huu muchele ya Kyela! Sudi iko anausema kila siku!" ("Njo" yao ni "ndio" yetu.)

"Huyu ndiye Trésor," Sudi akasema, na alivyolitamka lile jina, jamani, nilihisi kitu kinanichoma hapa. Mchele ulikuwa siri yangu na Sudi. Sasa hata mchele anaujua!

Kesho yake Jumamosi wakasema wananitembeza mjini, mchana na usiku, nikirudi Tunduma nisimulie. Nikatoka wa kwanza, nikawahi mlango wa mbele wa gari la Sudi, kigari cheupe kidogo, nikafungua nikaingia nusu mwili, na usukani ukanigonga kifuani. (Kule wanaendesha upande wa kulia wa barabara na usukani uko kushoto, nilikuwa nimesahau.) Trésor akacheka mpaka akashika ukuta. "Papa, leo weye njo utaendesha?" Nilipozunguka kwenda upande wa pili, yeye keshakaa mbele, keshafunga mkanda. Nikaenda nyuma. Siku nzima nikawa nyuma, naongea na visogo viwili.

Na si kiti tu. Tulikwenda kuutazama ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba na dohani lake refu, nikasema tupige picha, nikampa Trésor simu ili atupige mimi na Sudi, na sijui ilikuwaje lakini mwisho wa mambo mpiga picha nilikuwa mimi na waliokumbatiana walikuwa wao. Mchana tukala bukari, ndio ugali wao, na sombe, kisamvu chao, na kila aliyepita mezani alimsalimia Trésor, na Trésor akasema, "Huyu ni ndugu yangu Sudi," kisha, kama aliyekumbuka kuna mwavuli pembeni, "na muntu wake wa Tanzania." Muntu wake! Zikaja hadithi zao, unakumbuka siku ile ya mvua, unakumbuka yule askari, wanacheka mpaka machozi, na mimi nacheka nyuma yao kwa kuchelewa kama mtu anayetafsiriwa.

Jioni wakanipeleka mtaa wa Bel-Air, kwenye baa moja ya wazi yenye bendi na michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma iliyokatwakatwa, pilipili pembeni. Nyama ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Nilikunywa bia mbili (sawa, tatu). Kisha nikawaona Sudi na Trésor wameinamiana wananong'ona, nikategea sikio, nikamsikia Trésor anasema, "Atashangaa sana." Na waliponiona naangalia wakanyamaza.

Hapo nikachoka. Wao na siri, mimi na mifupa ya mbuzi. Walipoinuka kwenda upande wa bendi kuongea na wanamuziki, nikajiambia, Ambakisye, leo kurudi nyumbani huketi nyuma, hata iweje. Hilo tu. Hilo ndilo kosa lote, mengine yalijizaa yenyewe. Nikatoka nje, nikaona kigari cheupe kando ya barabara, nikazunguka kwa makini upande wa kulia maana usukani ule wa asubuhi bado ulikuwa unaniuma, nikafungua, nikakaa mbele, nikafunga mkanda, nikafumba macho ili wakija wanione nimelala na wasiniondoe. Akili yote niliiweka kwenye kupata mlango sahihi, nikasahau kutafuta gari sahihi.

Mlango wa dereva ukafunguliwa. Sauti ngeni ikasema, "Ee Mungu, kumbe uko humu! Nilikutafuta mule ndani paka nikachoka. Njo weye ule muntu wa kutoka mbali?"

Nikafumbua macho. Mwanamume wa makamo, suti ya buluu, jasho. Mimi ni mtu wa kutoka mbali? Ndiyo. Nikasema, "Ndiyo, ndiye mimi."

"Bon. Twende, bantu yote banakungojea."

Msinicheke kwanza, nifikirieni. Nimetoka kusikia "atashangaa sana", sasa mtu kanijia na suti ananiambia watu wananingoja. Ningewaza nini? Niliwaza, kumbe Sudi! Kumbe kaniandalia kitu! Moyo wangu ukalainika pale pale, nikataka hata kulia. Simu nayo niliiacha inachajiwa kwenye gari la Sudi, kwa hiyo hata wazo la kupiga halikuwepo.

Tukafika kwenye ukumbi, taa kila mahali, na nilipoingia tu mlangoni wanawake wakapiga vigelegele, "Papa mudogo amefika!" Nikaona bibi harusi, nikaona bwana harusi, nikasema sawa, ni harusi ya watu wa Sudi, kawaambia mgeni wangu apewe heshima, na labda huku mgeni wa heshima anaitwa baba mdogo. Wakanivisha shada shingoni. Bibi harusi akapiga goti mbele yangu akilia, nikamshika kichwa nikambariki (Mungu anisamehe). Wakanikalisha meza ya juu. Ya juu kabisa! Kushoto kwangu mzee mmoja mnene, mpole, msimamizi wa ndoa, akanimiminia soda. Nikatazama ukumbini namtafuta Sudi, simwoni, nikajua atakuwa anaegesha gari, na Trésor wake kiti cha mbele.

Na kile kiti cha Trésor ndicho kilichoniua, kwa sababu mshereheshaji alikuja na maikrofoni akatangaza, "Papa mudogo iko na neno ya kuambia batoto!" nami badala ya kusema asanteni nikakaa, nikaona hii ndiyo nafasi ya kumpa Sudi ujumbe popote alipo ukumbini. Nikasimama.

"Ndugu zangu," nikasema, "kuna watu wa damu, wa tangu utoto, tuliojuana tukiwa bila viatu. Halafu kuna watu wa juzi. Watu wa juzi wanakuja na kucheka kwingi, wanakaa mbele, wanapiga picha katikati, wanajifanya ndio wao! Mimi nasema leo hadharani, mtu wa juzi ajue nafasi yake!"

Upande mmoja wa ukumbi ukalipuka, wanawake wamesimama juu ya viti, "Sema, Papa mudogo! Sema!" Nikanogewa, nikarudia. Upande wa pili watu wanatazamana vibaya. Nikageuka, yule mzee mpole kushoto kwangu ameweka soda chini.

Kumbe, na haya niliyajua baadaye, baba wa bibi harusi alifariki binti akiwa mdogo, ndugu wa karibu wa baba wako Kalemie, mbali, hawakuwa wakija, na aliyemlea na kumsomesha ni huyu mzee, jirani tu. Na jamaa wengine wa ukoo wa baba, ambao hata huyo baba mdogo hawakumjua kwa sura, walikuwa wamenung'unika wiki nzima kwa nini jirani anakaa meza ya juu. Mimi nikawa nimemwaga petroli.

Mzee akasimama. Hakupiga kelele. Akasema, "Papa, miye sijue maneno mingi. Ile wakati mutoto alilala hôpital na malaria, alikuwa anaita papa, papa, weye ulikuwa wapi? Unataka kiti? Kamata. Nani alikukataza kuya?"

Nikaishusha maikrofoni. Na kilichonikausha si kwamba alimsema mtu mwingine, bali ni kwamba nilijiona nikiwa Tunduma, Sudi yuko huku peke yake lori limekufa, hamjui mtu, na mimi nilimpigia simu mara ngapi? Sikumbuki. Labda sikukumbuka hata kumpigia.

Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia mtu mfupi nisiyemjua, kajaa vumbi, begi begani, akasema, "Samahani, basi liliharibika njiani. Miye njo mudogo wa marehemu. Nilingojea pale kwa baa, hakuna muntu alikuya kunikamata."

Mama wa bibi harusi akainuka taratibu, akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Na huyu murefu, iko nani? Nilizani ni miaka njo ilimurefusha!"

"Mama yangu wee," nikasema, na maikrofoni ilikuwa bado imewashwa, ikalipeleka neno lile kwenye spika zote.

Vijana wawili wakanishika mikono. Wale wanawake waliokuwa juu ya viti ndio waliotangulia kusema mwizi wa harusi. Shada likavuliwa. Na katikati ya kelele zile nikasikia sauti naijua, sauti ninayoichukia, "Pardon, bamama! Pardon! Huyu iko wetu!" Trésor. Mwenye baa alikuwa amewaambia nimepanda gari la nani.

Sudi alisimama mlangoni amefunika uso. Trésor ndiye aliyepita katikati ya watu wale wenye hasira, akapiga goti mbele ya yule mzee, akasema, "Papa, huyu ndugu yetu hakukutukana weye. Alikuwa ananitukana miye." Akaeleza yote, kiti cha mbele, usukani, picha (kumbe aliona! Kila kitu alikiona!), na akaeleza kwamba bendi ilikuwa imeliimba jina langu pale baa, zawadi yake yeye Trésor, wakaniita na kuniita, mimi sipo. Mzee akaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Mama wa bibi harusi akacheka, na ukumbi ukafuata, na kicheko kile, ndugu zangu, kiliniuma kuliko mikono ya wale vijana.

Nilimwendea mzee nikamwomba radhi kwa magoti yote mawili. Akanishika bega akasema kwa upole, "Kula, kisha uende." Nikala nimesimama. Baba mdogo wa kweli hakunitazama hata mara moja.

Njiani nilikaa nyuma, kwa hiari. Nikamuuliza Sudi, "Ulipofika huku, uliugua?" Akasema, "Sana." Nikauliza nani alikuuguza. Akampiga Trésor begani kidogo. Trésor naye, kwa mara ya kwanza siku ile, hakucheka, akawa anafuta kioo cha dirisha kwa kiganja.

Tangu hapo nimeapa, sishiki maikrofoni kwenye harusi ya mtu hata nikiwa baba mzazi. Na kila Jumapili napiga simu Lubumbashi, naanza na Trésor, ananiita Papa Mudogo, tunacheka mpaka salio linaisha. Jumapili iliyopita Sudi kanipigia mwenyewe, kanuna, anasema, "Amba, mbona siku hizi simu zako zote ni kwa Trésor?"

Nikamwambia mtandao unasumbua. Lakini nilivyokata simu, jamani, niliimba.