Sifuri za Mama Mfugaji

Kazi hii niliikuta njiani. Shule niliiacha darasa la tano. Nikabeba mizigo hadi migodi ya Walikale, nikaendesha pikipiki Nyabiondo, na kila mahali niliondoka kabla sijazoeleka. Nyamitaba nilimpeleka abiria kwenye mafunzo ya kusaidia watu wenye huzuni nzito, nikasimama dirishani kusikiliza. Siku ya tatu wakufunzi wakaniambia niingie nikae, na mwisho wakanipa kazi.

Kukaa ndiko kulikonishinda. Ila utaratibu niliupenda: mikutano minane na wenye huzuni, kila Alhamisi, na maswali yale yale kabla ya kuanza na tena baada ya mkutano wa sita. Unalala? Unakula? Kila jibu lina alama, sifuri hadi tatu, na sifuri ni mzima. Hivyo tungejua kama tunasaidia au tunapiga kelele tu. Sikuwahi kufanya kazi inayojipima.

Mama mmoja mfugaji, aliyezika mume na binti katika mwaka mmoja, alianza na alama za juu kabisa. Nilipomtembelea baada ya mkutano wa sita, alinijibu sifuri tupu. Msimamizi wangu akafurahi, akalishika faili lake.

"Huyu amepona. Funga dosie yake, nafasi apewe mungine."

Kesho yake nilimkuta barabarani na bidoni mbili za maziwa. Miguu ilikuwa inaniwasha kutembea tangu asubuhi, nikachukua moja, tukaenda pamoja. Hata kilima hatujamaliza, akaanza mwenyewe: usiku halali, ng'ombe hukamuliwa na jirani, yeye hawezi kuinuka kitandani. Leo ameinuka kwa sababu jirani amesafiri.

"Mama, jana uliniambia unalala muzuri!"

"Kaka, nilikuwa nimekupatia maziwa. Uko na kikombe yangu mukononi, nikuambie habari ya makaburi? Mugeni atakunywa namna gani?" Akacheka. "Na wewe ulikuwa unaangalia mulango kama mbuzi ya kufungwa."

Nilisimama. Ni nyumba ngapi nilikuwa nimeuliza huku nikinywa? Karibu zote.

Msimamizi hakupenda nilipomweleza. "Unataka tubadilishe majibu juu ya muntu mumoja?"

"Hapana, chefu. Turudie kuuliza. Wote, inje, tukitembea."

"Ripoti imeisha kuandikwa."

"Basi imeandikwa uongo, na mimi njo niliuleta."

Akasukuma dosie ya mama upande wangu. "Anza na huyu. Lakini swali neno kwa neno, usiongeze yako."

Nilimkuta malishoni. Tulitembea nyuma ya ng'ombe, nikiandika juu ya kiganja: tatu, mbili, tatu, tatu. Dosie isingefungwa, nikashukuru. Halafu ikaniuma: mikutano sita, na sikuwa nimemwinua ila kwa alama moja.

"Nimeanguka mutihani?" akauliza.

"Ni mimi nilianguka, mama. Alhamisi uje."

Aliita ng'ombe aliyekuwa anaingia shamba la watu, akasema atakuja, kama jirani atakuwa amerudi.